Kutafuta Hitilafu ni Sehemu ya Somo

Tunapofundisha umeme katika shule ya msingi, wengi wetu huchora mzunguko ubaoni, huwataka watoto waunakili, kisha huwauliza majina ya sehemu zake. Mtoto hupata alama zote, lakini tochi ya nyumbani ikikataa kuwaka hajui aanzie wapi. Maoni yetu ni kwamba kutafuta hitilafu hakuna budi kufundishwa darasani, wala kusiachiwe mafundi peke yao.

Tuchukue mfano wa baiskeli ya umeme, chombo ambacho siku hizi huonekana katika baadhi ya miji yetu. Inakwenda vizuri penye tambarare, lakini ikianza kupanda mlima mota inalegea, pengine inazima kabisa. Asiyezoea kufikiri kwa utaratibu atasema mota imekufa, au atanunua betri mpya kwa fedha nyingi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua.

Mwenye utaratibu huanza na yale yasiyogharimu kitu. Hutazama kama matairi yana upepo wa kutosha, kisha huinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono, maana huenda breki inabana. Hukagua pia swichi ya breki, ambayo katika baiskeli nyingi hukata umeme wa mota; ikikwama, mota haipati umeme hata kama haina kasoro.

Ndipo hupima betri. Betri ya volti 36 kwa kawaida huwa na safu 10 za seli zilizounganishwa kwa mfululizo, nayo ikijaa hufika volti 42. Akikuta volti 40, asiseme bado kwamba betri ni nzima, bali apime tena mota ikivuta mzigo. Zikianguka hadi karibu na 30, betri yenyewe imechoka. Lakini zikibaki juu kwenye betri na kupungua mwishoni mwa waya, kosa liko katikati, katika kiungo kilicholegea au kuliwa na kutu. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.2 tu, kikipitisha ampea 15, hupoteza volti 3 na kutoa joto la wati 45. Hayo yote yakiwa sawa, ndipo aishuku mota na kisanduku kinachoiongoza.

Hapo pana mafunzo matatu: kila kipimo kipunguze mahali pa kutafuta, kigeuzwe kitu kimoja tu kwa wakati, na kitu kipimwe kikiwa kazini. Betri iliyopumzika yaweza kuonekana nzima, kama mwanafunzi akaririye vizuri asichoweza kukitumia.

Hatusemi baiskeli iletwe darasani, wala watoto wasiguse kamwe betri za lithiamu, kwani zikiharibiwa huweza kuwaka moto. Seli mbili kavu za volti 1.5, balbu ya tochi, swichi na waya vyatosha. Mwalimu afiche hitilafu moja katika kila seti: karatasi nyembamba kwenye kiungo, balbu iliyoungua, seli iliyogeuzwa, au waya uliokatika ndani ya ganda lake. Kabla ya kugusa chochote, kila kikundi kiandike kinachokishuku, sababu yake, na jinsi kitakavyothibitisha.

Katika kusahihisha, tutoe alama kwa hoja. Kikundi kilichowasha balbu kwa kutikisatikisa waya hakijajifunza kuliko kile ambacho hakikuiwasha, lakini kinaweza kueleza kwa ushahidi ni sehemu zipi zilizo nzima.

Itasemwa kwamba vipindi ni vifupi na muhtasari ni mrefu. Ni kweli. Hata hivyo, kipindi kimoja cha namna hii kwa kila mada ya umeme si kikubwa mno. Mtoto anayezoea kubahatisha darasani atabahatisha pia akiwa fundi, na gharama italipwa na mwenye baiskeli.