Mrashi si wa kuuzwa kwa gramu

Msimu wa harusi hapa Gungu, Kigoma, hodi haziishi kwangu: majirani wanakuja kuazima mrashi wa bibi yangu, mzaa mama, chombo cha fedha cha kunyunyizia wageni marashi. Natoa bila kinyongo. Akija wakala wa sonara na mizani yake, hata kibarazani simkaribishi.

Mzee akifariki, warithi wanagombea nyumba, kisha mrashi, chetezo na kijaluba cha fedha vinaenda kupimwa na kuyeyushwa. Hasara hiyo inatugusa sote.

Masonara wa Oman na wa pwani waliyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780. Riale moja ina gramu 28, na katika kila sehemu elfu, 833 ni fedha. Mrashi wa gramu 280 basi ni riale kumi, na mizani haina zaidi la kusema. Lakini fundi alilifua bamba mpaka likawa jembamba, akaliegemeza kwenye lami lisitoboke, akachora ua baada ya ua kwa patasi ndogo. Wa bibi una shingo ndefu ya kuzungusha na kichwa chenye vitundu. Tumboni umebonyea, pale ulipomponyoka shangazi siku ya harusi yake.

Kila watu na heshima yao ya fedha. Mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone Ujiji mwaka 1871, aliandika kwamba walikunywa shampeni kwa vikombe vya fedha alivyokuja navyo. Wafanyabiashara wa mji huo, Sayd bin Majid, Mohammed bin Sali na Moeni Kheri, wao walileta chakula: vitafunio vya nyama, kuku wa mchuzi, mbuzi na wali. Sisi Waislamu tumekatazwa kulia na kunywea vyombo vya fedha (kuhusu mrashi wanazuoni wana mjadala wao, nawaachia). Ndiyo maana heshima ya fedha kwetu ni kumrashia mgeni mikononi kwenye maulidi, awe tajiri au mvuvi wa dagaa.

Naomba makumbusho ya Ujiji yaweke kabati la vyombo vya nyumba zetu, vya kuazimwa, kila kimoja na jina la ukoo wake. Nanyi wenye navyo, msivisugue kwa waya wa sufuria. Weusi ule unatokana na salfa ya hewani; ukiwa bado mwepesi, sabuni na kitambaa laini vinatosha. Anayelazimika kuuza aanze kwa ndugu, na juu ya bei ya gramu adai bei ya kazi.