Majina ya Shaaban Robert Hayakuwaua Watu Wake

Imekuwa ada miongoni mwa wasomi wetu, na hata miongoni mwa wauza vitabu vikuukuu wanaotandaza bidhaa zao chini pembezoni mwa mitaa ya Kariakoo, kusema kwamba Shaaban Robert alikuwa fundi wa lugha asiye na kifani, lakini kumsawiri mtu hakukujua. Kwamba wahusika wake Adili, Hasidi, Mwivu na Utubora ni sifa zilizovishwa kanzu, ambazo msomaji akishasikia majina yao hana haja ya kufungua ukurasa wa pili. Mwanafunzi huandika "mhusika bapa", akapata alama zake, na kitabu kikafungwa. Dhana hiyo naikataa katakata.

Katika Adili na Nduguze, kitabu kidogo cha mwaka 1952, Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai, yu mgeni wa Adili, liwali wa Janibu; na usiku, katika kumchungulia mwenyeji wake, anamwona mtu yule mwenye jina la haki ameshika mjeledi, akiwapiga manyani wawili, kisha akilia na kuwabembeleza. Wale ni Hasidi na Mwivu, nduguze wa damu, waliogeuzwa wanyama kwa hiana waliyomtendea, naye ameamriwa awaadhibu kila usiku. Ubapa uko wapi hapo? Mkono unatii, jicho linakataa, na jina lake, badala ya kutumalizia habari zake, ndilo linalotutia taharuki.

Aliyekulia Kariakoo asingepaswa kuambiwa haya. Mtu akitaka mali kwa mkopo, muuza jumla humwuliza jirani wa kizimba, "Shehe, bwana huyu unamjuaje?" Jirani hamtajii pua wala macho, bali husema, "Nilimzidishia gunia la dagaa, akalirudisha usiku ule ule na mvua inanyesha. Lakini nduguye akimwomba shilingi, hampi." Kwa maneno hayo machache mtu mzima amekwisha kusimama mbele yetu, pamoja na fumbo lake, na ndivyo Shaaban Robert alivyosawiri.

Wala hakuwa peke yake. Mwaka 1835, katika zama za ulimbwende, Mmarekani Nathaniel Hawthorne alichapisha kisa kifupi cha kijana Goodman Brown, anayemwacha mkewe aitwaye Faith, yaani Imani, akaingia msituni usiku kuonana na shetani. Na walimwengu, bila kuzuiwa na majina hayo, wangali wakimhesabu Hawthorne kuwa bingwa wa siri za moyo. Insafu gani hii, inayomtunuku mgeni kwa jambo lile lile tunalomlaumia mwenyeji?

Sikatai kwamba Utubora, wa kitabu kingine cha Shaaban Robert, huhubiri kupita kiasi, na kurasa kadhaa za kitabu hicho hunichosha. Lakini karani anayeacha kazi ya mjini kwa tajiri Ahadi, akaenda Busutamu kushika jembe, ametenda jambo ambalo vijana wa Msimbazi wangelijadili hadi usiku wa manane, laiti mwalimu angewaacha wamjadili kabla ya kuwaamuru waandike kuwa yeye ni bapa.