Rangi za Viungo na Nukta za Gia

Katika kubadili mnyororo wa taimingi, hasa kwa injini ya Toyota 1NZ-FE iliyomo katika Vitz na Probox nyingi za kwetu, liko jambo ambalo aghalabu huwatia mafundi vijana wahaka. Baada ya kuoanisha viungo vya mnyororo vyenye rangi na nukta za gia za kamshafti na krenkshafti, fundi mwenye idili huizungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, maana kamshafti huzunguka mara moja tu krenkshafti izungukapo mara mbili. Hapo huona nukta zimerudi mahali pake, bali viungo vya rangi vimehama, naye akadhani kazi yote imeharibika. Haikuharibika hata kidogo. Rangi ile ni ya kufungia tu, nayo huhitaji mizunguko mingi kabla ya kukutana tena na alama zake; hukumu ni ya nukta za gia.

Linalonihuzunisha ni kuona mtu akiijaribu kazi yake kwa starta badala ya spana, kwani katika injini ambazo vali na pistoni hupishana katika nafasi moja, gia zikikosea kwa meno kadhaa, vali hupindika papo hapo. Kadhalika, upande wa mnyororo usio na kikaza sharti uvutwe barabara kabla kikaza hakijaachiliwa. Ulegevu ukibaki huko, kikaza kitauvuta, na gia itahama ilhali fundi ana yakini kwamba ameipanga sawasawa.