Feri Hawaioni?

Waandishi wa programu wa hapa kwetu wana sentensi moja wanayoipenda kuliko zote: "Mtumiaji hajui kueleza." Utaisikia Nyali, utaisikia Nairobi, utaisikia kwa kijana wa Changamwe aliyejifunza kazi mwaka jana kwa bando la usiku. Programu imekwama, mtu amelalamika, na jibu ni kwamba mlalamikaji hakujieleza. Mie nasema amejieleza. Nyinyi ndo mmemtaka aeleze kwa lugha ambayo haongei nyumbani wala kazini, kisha mkamcheka.

Nina ushahidi. Niliwacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma, na tangu hapo naishi kwa kuandika na kwa vibarua vya mtandaoni. Kimoja kilikuwa kupokea malalamiko ya watumiaji wa programu ya kuita tuktuk. Kampuni siitaji. Fomu yao ilikuwa Kiingereza mwanzo mwisho: ulitarajia nini, kikatokea nini, tufuate hatua gani ili nasi tuione hiyo hitilafu. Dereva mmoja wa Likoni akajaza mstari huu, hakuongeza neno:

"Napewa abiria alo ng'ambo naambiwa dakika tatu. Feri hawaioni?"

Ikarudi imefungwa. Sababu: maelezo hayatoshi.

Hebu tuusome mstari huo pole pole, kwa kuwa waliolipwa kuusoma hawakuusoma. Kilichotokea kimo: amepewa abiria aliye upande wa pili wa maji. Alichotarajia kimo: apewe mtu anayeweza kumfikia kwa muda ulioandikwa. Hatua za kuirudia zimo pia, simama Likoni tu, washa programu, ngoja. Na chanzo amekitaja bure. Programu inapima masafa kwa mstari ulionyooka, kana kwamba tuktuk inaogelea. Maji yale ni kama nusu kilomita, kwa hiyo kwenye ramani abiria wa kisiwani yuko pua na mdomo. Kwa anayevuka kuna foleni, kuna kungojea kivuko kishushe na kupakia, na siku kivuko kimoja kiko matengenezoni ndo usiseme.

Na si jambo la kucheka. Dereva akikataa safari hiyo anapunguziwa alama. Akiikubali, abiria anangoja, anachoka, anaghairi na kumtupia nyota moja. Nyota zikishuka anafungiwa siku tatu. Siku tatu bila tuktuk Likoni ni hesabu ya mwenye chombo inayodaiwa jioni hata kama hukubeba mtu. Hiyo yote kwa sababu ofisini hapakuwa na mtu wa kusoma maneno tisa.

Nikitoa hoja hii naambiwa Kiswahili hakina msamiati wa kazi hii. Nenda kwa fundi simu wa Kongowea ukae nusu saa. Simu inaganda. Inajizima. Haishiki chaji. Mtandao unakatika ukipiga. Fundi naye hajibu "maelezo hayatoshi". Anauliza: ilianza lini? Iliingia maji? Ilianguka? Inaganda ukifungua kitu gani? Imeshawahi kufunguliwa na fundi mwengine? Hayo ni maswali yale yale ya fomu, ila yanaulizwa na mtu anayetaka jibu. Mteja asipojua la kusema, fundi anamwambia nionyeshe. Mie sijaona fundi akimrudisha mama wa watu nyumbani akajifunze kwanza kuuliza.

Dharau hii tumeiazima, na nadhani najua wapi. Mmarekani Eric Raymond aliandika mwaka 1997 insha kuhusu namna Linux inavyotengenezwa, na moja ya nguzo zake ni kwamba watumiaji wachukuliwe kama watengenezaji wenza. Mwaka 2001 huyo huyo akatoa mwongozo mrefu wa kuwafundisha watu kuuliza maswali kwa akili. Vijana wetu wameuhifadhi ule mwongozo kama juzuu amma. Ile nguzo ya 1997 hawana habari nayo.

Kuna wanaodhani deni limelipwa kwa kutafsiri vitufe. Kazi hiyo naiheshimu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Lakini angalia mwelekeo. Mashine inasema nasi Kiswahili: hifadhi, futa, funga. Ukitaka kuijibu kwamba imefuta usichokitaka, unaelekezwa kwenye Kiingereza. Ni kama kukaribishwa nyumba ya mtu ukaambiwa kula, ila usiseme chumvi imezidi.

Na mifano ya kufanya vizuri tunayo hapa hapa, tena ndiyo tunayojisifia nayo. M-Pesa ilipojaribiwa kuanzia 2005 ilikuwa ya watu kulipia mikopo midogo. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Hawakujaza fomu ya mtu, walitumia tu, na waliokuwa wakitazama wakaelewa. Ilipozinduliwa Machi 2007 kutumiana pesa ndiko kulikokuwa mbele. Fikiria kama mtu angefunga faili na kuandika: mtumiaji hajafuata maelekezo.

Au Ushahidi, iliyoanzishwa Kenya Januari 2008 wakati nchi inaungua baada ya uchaguzi, kwa ajili ya kukusanya taarifa za watu na kuziweka kwenye ramani. Tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, programu hiyo ilitumika kule. Watu walituma ujumbe kwa namba 4636, wengi kwa Krioli yao. Hakuna aliyewaambia chini ya kifusi waandike Kiingereza. Wahaiti waishio nje walijitolea kutafsiri, na kwa kuwa mitaa wanaijua, waliweza kusema ujumbe huu umetoka wapi hasa hata pale mwandishi alipotaja jina la mtaa tu. Programu iliyozaliwa kwetu, yenye jina la Kiswahili, iliwapa Wahaiti heshima ambayo dereva wa Likoni bado anaiomba.

Nakubali jambo moja. Mtengenezaji wa Kisauni akizungumza na mwenzake wa India au Brazili kuhusu msimbo, Kiingereza kinawakutanisha, na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni kukisimamisha mlangoni kama askari, mwenye shida asiingie mpaka akipite.

Ninachotaka hakihitaji wafadhili. Malalamiko yapokelewe yalivyo, Kiswahili, Kidigo, maandishi au ujumbe wa sauti, na maneno ya mwenyewe yabaki kwenye faili kando ya tafsiri. Lalamiko lisifungwe mpaka mlalamikaji aseme limekwisha. Anayepokea alipwe kama mtengenezaji mwengine yeyote, sio elfu mbili za kibarua, maana kazi yake ndiyo inayowaambia wengine wakatengeneze wapi. Na awe mtu anayejua kwamba neno ng'ambo, akilisema aliyesimama Likoni, ni kisiwani, na akilisema aliyesimama kisiwani, ni Likoni.