Ushuru Mlichukua Siku Ile Ile, Spea Tunasubiri Mwezi wa Tano

Makamanda, nianze na pikapu moja iliyoko Akeri, nyuma ya nyumba ya baba mdogo, chini ya mparachichi. Imefunikwa turubai la bluu na kuku wanalala chini yake. Ni mpya. Simaanishi mpya ile ya kwetu, mtumba wa Japani ulioogeshwa ukang'aa. Namaanisha sifuri kilometa, viti bado vina nailoni, imetoka kiwandani China ikaja kuuzwa hapa hapa Tanzania. Huu ni mwezi wa tano haijatembea.

Baba mdogo analima nyanya Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru. Miaka kumi na moja alikodi magari ya watu kupeleka matenga soko la Kilombero, na kila msimu mwenye gari alipata kuliko mwenye shamba. Mwaka jana akasema basi. Akauza ng'ombe wawili na kiwanja cha Maji ya Chai, akaongezea mkopo wa benki, akanunua pikapu ya shilingi milioni 58. Watu walimwambia achukue Toyota ya zamani ambayo spea zake zinapatikana kila kona. Lakini muuzaji alimwambia maneno mawili matamu: waranti miaka mitatu, na "spea zipo". Kwa mtu aliyechoka na magari ya kukodi yanayozima njiani na mzigo wake, nani asingelainika? Mimi simlaumu.

Mwezi wa saba gari lilizima karibu na njia panda ya Momella, saa 12 jioni, likiwa na matenga ishirini na mawili. Taa ya injini iliwaka, nguvu ikapungua, likalala. Ikabidi ziitwe kirikuu mbili, mzigo ukahamishwa gizani kwa tochi za simu. Asubuhi Kilombero wanunuzi wanaangalia nyanya, wanaangalia baba mdogo, wanataja bei ya kumuonea huruma. Nusu ilikuwa imeshakuwa mchuzi.

Fundi wa kwanza kuliona ni kijana wa Unga Limited. Wale mnaowaita wahuni kwa sababu wana mafuta kwenye nguo, ndio hao wanaofufua Land Cruiser za watalii usiku ili asubuhi ziende Serengeti. Akachomeka mashine yake ya kupimia. Haisomi. Kompyuta ya gari lile imefungwa, inafunguka kwa mashine ya wakala peke yake. Kwa kusikiliza tu akasema anahisi ni pampu ya dizeli, ile ya presha kubwa. Kisha akamwambia baba mdogo, "Mzee, mimi naweza kuifungua, ila nikishika spana hapa waranti yako imekufa." Akakataa hela ya kazi ambayo hajaifanya. Mkumbukeni huyu kijana, nitamrudia.

Gari likavutwa mpaka kwa wakala. Jina simtaji. Nasoma sheria, kashfa naijua. Wakala akapima, akasema ni pampu kweli, haipo Arusha, haipo Dar, inaagizwa China, siku 45. Siku 45 zikaisha, zikaja nyingine 45. Halafu ikaja barua ya ukurasa mmoja: uchunguzi umeonyesha mteja alitumia mafuta machafu, kwa hiyo waranti haihusiki, pampu ni milioni 6 na laki 8, ilipwe kwanza ndipo iagizwe. Na gari liondolewe yadi au litaanza kulipiwa maegesho.

Ndipo iagizwe! Sasa ile tuliyokuwa tunaambiwa iko njiani miezi mitatu ilikuwa nini? Niliuliza swali hilo mwenyewe, nimevaa vizuri, nimebeba faili. Dada wa mapokezi akaniambia meneja yuko Dar.

Hebu tukae kidogo kwenye hayo mafuta machafu, maana hapo ndipo utamu ulipo. Baba mdogo hanunui dizeli kwenye madumu. Ananunua kituoni, Usa River, kituo chenye leseni. Anayesimamia mafuta nchi hii ni EWURA. Tangu 2010 tumeambiwa kuna vinasaba, vinawekwa kwenye mafuta ili uchakachuaji ujulikane. Basi moja kati ya mambo mawili ni kweli. Kama mafuta ya kituo chenye leseni yanaua pampu ya gari la miezi saba, mamlaka ya Serikali imelala na mkulima hapaswi kulipa usingizi wao. Kama mafuta ni safi, barua ya wakala ni uongo na waranti iheshimiwe. Vyovyote vile, mtu pekee asiye na kosa ndiye pekee anayeambiwa alipe. Na sampuli ya hayo mafuta iko wapi? Nani aliipima, maabara gani? Barua haisemi.

Kuna watakaoandika hapo chini: dada, hilo ni suala la muuzaji na mteja, CCM inaingiaje?

Inaingia bandarini. Gari kama lile linapoingia, kwa kila shilingi 100 ya thamani yake pamoja na usafiri na bima, Serikali inachukua 25 za ushuru wa forodha. Kisha VAT asilimia 18, si juu ya ile 100, ni juu ya 125. Tayari ni 147 na senti 50, bado tozo nyingine sijazitaja. Zote anazilipa mnunuzi wa mwisho, na mnunuzi wa mwisho ni baba mdogo. Hakuna siku Serikali ilimwambia kodi yake imekwama China, asubiri siku 45. Ilichukua pale pale, gari halijagusa lami ya Arusha. Na spea nayo ikija, kama ikija, VAT inaisubiri mlangoni.

Sasa aliyechukua karibu nusu ya thamani ya gari mezani kwake hawezi kusema hayamuhusu. Angeweza kumuuliza mwagizaji swali moja tu kabla ya kumgongea muhuri: bwana, unataka kuuza magari mapya ya aina hii kwa Watanzania, ghala lako la spea liko wapi? Pampu unazo ngapi? Nozeli je? Mtu wa Arusha, wa Mbeya, wa Mwanza ataenda kwa nani? Swali hilo ningetaka liwe sharti la kisheria. Huna ghala, huuzi. Umeahidi siku 45 na zimepita, unampa mteja gari jingine la kutumia mpaka lake lipone. Mbona ukichelewesha kodi riba inahesabiwa kila mwezi?

Tusidanganyane kwamba hatuna sheria. Darasani tunazisoma mpaka macho yanauma. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kifungu cha 16, inazungumzia ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi iliyonunuliwa. Lakini sheria hiyo ni ya enzi ya mkoloni, imefuata ile ya Uingereza ya 1893, wakati huo gari lenyewe lilikuwa kioja hata London. Ndani yake ukishaipokea bidhaa na kuikubali, kuirudisha ni mtihani, unabaki kudai fidia. Fidia utaidai mahakamani, kwa wakili, kwa miaka, dhidi ya kampuni yenye mawakili wa kudumu. Ipo Sheria ya Ushindani ya 2003, ina sehemu inayohusu wajibu wa mtengenezaji kwa mlaji, na Tume ya Ushindani imeundwa chini yake. Kwenye karatasi hatujambo kabisa. Nendeni Ngarenanyuki mkaulize wakulima kumi kama wamewahi kusikia jina la hiyo Tume. Mimi niliuliza watatu. Mmoja alidhani ni ya mpira.

Pale ng'ambo ya Namanga, safari ya saa mbili kutoka hapa, wenzetu walipitisha sheria ya mahakama ya madai madogo mwaka 2016, na mwaka 2021 mahakama zikaanza kazi. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja ya Kenya, yaamuliwe ndani ya siku 60. Dai la pampu ya baba mdogo lingeingia humo. Mkulima wa Kajiado anaweza kumpeleka muuzaji mahakamani na kurudi shambani kabla nyanya za msimu ujao hazijaiva. Wa Arumeru anaambiwa meneja yuko Dar.

Na yule kijana wa Unga Limited? Afrika Kusini, tangu tarehe 1 Julai 2021, upo mwongozo wa tume yao ya ushindani: mwenye gari apeleke kwa fundi anayemtaka, waranti isifutwe kwa sababu hiyo tu, na taarifa za kiufundi zisifichwe kwa mafundi wa nje. Ulaya walishaandika kwenye kanuni zao za 2007 kwamba fundi wa kujitegemea apate taarifa za matengenezo. Marekani, jimbo la Massachusetts, wananchi walilipigia kura jambo hili 2012. Kwetu kijana amesoma ufundi, amekopa mashine, ana akili ya kusikia ugonjwa kwa sikio, halafu kampuni ya ng'ambo inamfungia kompyuta na Serikali yake inaangalia. Halafu kwenye majukwaa tunaambiwa vijana wajiajiri. Wajiajiri na nini? Kuosha vioo?

Wala msifikiri wakubwa hawajui ugonjwa huu. Wanaujua vizuri. TEMESA, wakala wa Serikali wa kutengeneza magari ya Serikali, imelalamikiwa hadharani na viongozi wa Serikali hiyo hiyo, kwamba bei ni kubwa na magari yanakaa muda mrefu. Mabasi ya mwendokasi Dar yalianza 2016, mapya kabisa kutoka China. Waulizeni abiria wa Kimara ni mangapi ya yale ya kwanza wanayaona barabarani leo. Tofauti ni kwamba gari la mkubwa likilala, analetewa jingine lenye kiyoyozi. Basi la Kimara likilala, watu wananing'inia dirishani. Pikapu ya Akeri ikilala, mtoto wa baba mdogo anarudishwa nyumbani kwa ada, na hili sijalitunga, binamu yangu yuko nyumbani toka wiki iliyopita.

Na sisi watu wa Chuga tuna kidonda chetu cha zamani. General Tyre. Kiwanda cha matairi, hapa hapa mjini, kilichokuwa kinavalisha magari ya Afrika Mashariki. Kimefungwa tangu 2009. Kila uchaguzi kinafufuliwa jukwaani, kesho yake kinarudi kaburini. Vuka kidogo kwenda Hai, Machame, kuna Kilimanjaro Machine Tools, iliyojengwa kwa msaada wa Bulgaria ili nchi hii itengeneze mashine na vipuri vyake. Sisemi wangetengeneza pampu ya kompyuta. Nasema nchi iliyowahi kuwa na wazo hilo imefika mahali inabembeleza meneja apokee simu.

Bungeni nani aulize? Uchaguzi wa 2020 uliacha ukumbi karibu wote upande mmoja, na waliokaa humo walikuwa wanapongeza hata kikohozi. Swali la spea ya mkulima halipigiwi makofi.

Ngarenanyuki yenyewe si mahali pa kunyamaza, kwa wasiojua historia ya kwao. Mwaka 1951 Mwingereza aliwatoa Wameru kwenye ardhi hiyo hiyo kwa nguvu ili awape walowezi. Wazee wakachangishana nauli, na 1952 Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa, New York, akasema kwa niaba yao. Bila simu janja, bila wakili wa kila kona, wakati huo tukitawaliwa. Sisi wajukuu tumeshindwa kuvuka kaunta ya mapokezi.

Kwa hiyo hiki ndicho nimefanya. Nimeandika malalamiko ya kurasa nne kwenda Tume ya Ushindani, nimeambatanisha mkataba, kijitabu cha waranti, ile barua ya mafuta machafu na risiti zote za kituo cha mafuta, maana baba mdogo, Mungu ambariki, anatunza risiti kwenye Biblia. Nakala imeenda EWURA, nao waseme mafuta ya Usa River yana nini. Lakini lalamiko moja ni rahisi kulitupa kabatini. Tangu nianze kuliongelea hili tawini nimeshapata wengine watatu: dereva wa Noah wa Ngaramtoni aliyechukua mpya badala ya mtumba, mama wa Kikatiti mwenye bajaji, na kijana wa Moshono mwenye lori dogo lililokaa miezi minane kwa kifaa kinachoenea kiganjani.

Kama uko Arusha au Arumeru na umenunua chombo kipya kikakufia ndani ya waranti, njoo kikao cha vijana Jumamosi. Si lazima uwe na kadi ya chama, tutakupokea. Usije na hasira tu, hizo tunazo za kutosha. Njoo na mkataba, kijitabu cha waranti, na kila ujumbe waliokutumia kwenye simu, usifute hata mmoja. Sisi tunaosoma sheria tutakaa na wewe tuandike, bure, mpaka zifike hamsini, tuzipeleke kwa pamoja mkononi, tusainiwe kupokelewa.

Tarehe 28 benki inakata milioni 1 na laki 2 nyingine kwa baba mdogo. Ujumbe wao haujawahi kuchelewa hata siku moja.