Mtoto Asipotee Daftarini

Kila mwalimu ajua kazi ya kuita majina asubuhi. Jina laitwa, mtoto aitika, alama yatiwa daftarini. Kazi hii yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotuwezesha kujua nani yupo, nani hayupo, na nani atafutwe. Siku hizi daftari hilo limeingia katika kompyuta. Baraza la Mitihani la Tanzania huweka kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi katika mfumo uitwao PREM, ambamo kila mtoto ana namba yake. Tena, baadhi ya walimu vijana wanajifunza kutunga programu ndogo za tovuti kwa matumizi ya shule zao wenyewe. Kwa hao, na kwa wote watakaoombwa ushauri na watunzi wa programu, tunayo rai moja: hali ya mwanafunzi isiachwe kuwa neno la kujazia tu, bali ifungwe kwa kanuni.

Katika programu ya namna hii, habari za kila mtoto hukaa katika mstari mmoja wa jedwali: jina, mwaka wa kuzaliwa, darasa, na hali. Mara nyingi nafasi ya hali huachwa wazi, na kila sehemu ya programu yaweza kuandika humo itakavyo. Tuliwapa wanachuo wetu zoezi la kutunga jedwali kama hilo. Baada ya juma moja tulikuta humo maneno "yupo", "anasoma", "amerudi", "kahama" na "amehama". Mtoto mmoja alikuwa amehitimu darasa la saba, kisha akaandikwa mtoro. Kompyuta haikukataa, kwa kuwa hakuna aliyeifundisha kwamba jambo hilo haliwezekani.

Dawa yake si ngeni. George Mealy mwaka 1955, na Edward Moore mwaka 1956, walieleza mitambo ambayo kila wakati huwa katika hali moja tu miongoni mwa hali zinazohesabika, nayo hutoka hali hii kwenda ile kwa njia zilizowekwa. Mtunzi anayefuata fikra hiyo hana budi kutimiza mambo manne. Kwanza, aorodheshe hali zote, na hifadhidata yenyewe ikatae neno lisilomo katika orodha. Pili, ataje kila tukio linalobadili hali, litokako na liendako. Tatu, aweke sharti la kila badiliko. Nne, kila badiliko liandikwe pamoja na tarehe yake na jina la aliyelifanya, na habari za nyuma zisifutwe.

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la tano hapa Mashewa, ambaye wazazi wake wanahamia Handeni. Programu ikiwa na hali mbili tu, "anasoma" na "amehama", basi siku anapoondoka hesabu ya shule ya kwanza inapungua, na shule ya pili haina habari naye. Asipofika, hakuna atakayemtafuta. Afadhali iwepo hali ya katikati, "anasubiri kupokelewa". Shule ya kwanza yaomba uhamisho. Mtoto yungali wa kwake mpaka shule ya pili ithibitishe kumpokea. Siku thelathini zikipita bila uthibitisho, programu imkumbushe mwalimu mkuu. Hapo kanuni yamlinda mtoto, wala si kupamba jedwali.

Wapo watakaosema kwamba kanuni nyingi zitamfunga mwalimu mikono, kwa kuwa maisha ya watoto hayafuati mishale ya karatasini. Hoja hii ina uzito. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba aliondolewa katika shule ya serikali, na njia ya kurudi ilikuwa imefungwa. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo wasichana hao, waruhusiwe kurejea, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukaeleza utaratibu. Sasa fikiri programu iliyotungwa kabla ya hapo, ambayo "ameacha shule" ni hali isiyo na mlango wa kutokea. Msichana amefika langoni, waraka wamruhusu, mwalimu mkuu amemkubali, lakini kompyuta inakataa. Mwalimu atalazimika kumwandikisha upya kana kwamba hajapata kusoma, au kumrudisha nyumbani.

Hata hivyo, hoja hiyo haituambii tuache kanuni. Yatuambia kwamba kanuni zichorwe na wanaowajua watoto, tena ziwekwe mahali pamoja katika programu, ili sheria ibadilikapo, mshale mmoja uongezwe bila kubomoa nyumba nzima.

Kwa hiyo twawashauri wanachuo waanze na chaki kabla ya kompyuta. Chora ubaoni duara kwa kila hali: ameandikishwa, anasoma, anasubiri kupokelewa, mtoro, ameacha shule, amehitimu, amefariki. Unganisha maduara kwa mishale, na juu ya kila mshale andika tukio na sharti lake. Kisha uliza darasa maswali mawili kwa kila duara: mtoto aliingiaje hapa, na atatokaje? Kwa maoni yetu, maduara mawili ya mwisho pekee ndiyo yanayoweza kukosa mshale wa kutoka. Kwingine kokote, duara lisilo na njia ni kosa la mchoraji, na mtoto ndiye atakayelipa.

Somo hili halihitaji umeme wala mashine. Lahitaji mwalimu anayekumbuka kwamba kila mstari wa jedwali ni mtoto wa mtu. Basi tuyachore maduara haya sisi wenyewe, kabla hatujachorewa na wasiopata kuita majina asubuhi.