Kilima kikiondolewa, ua la manjano litaota wapi?

Wasikilizaji wetu wa Lubumbashi, na ninyi jamaa mliohama makwenu, leo ninataka kusema juu ya ua. Najua wengine watacheka: watu hawana nyumba, naye anaongea maua! Mnivumilie kidogo.

Ua hili ni la manjano, umbo lake kama la maua ya maharagwe, maana ni wa ukoo mmoja. Wataalamu wanaliita Crotalaria cobalticola. Linaota Katanga yetu tu, kwenye vilima vya shaba na kobalti, kama vile vya Tenke na Fungurume. Udongo wa pale ni sumu kwa miti. Ndiyo sababu unapita katika pori la miombo, kisha ghafla unaona kilima cha majani matupu. Ua hili limeizoea sumu hiyo, na watafuta madini wanalijua kama alama: penye ua, chini kuna kobalti.

Hapo ndipo penye uchungu. Alama hiyo ndiyo inayoita mashine. Kilima cha Étoile, Kalukuluku yetu, kilianza kuchimbwa mwaka 1911, mji ukiwa bado mchanga. Leo ni shimo. Na mimea zaidi ya 30 ya vilima hivi haioti pengine popote duniani.

Mimi siweki ua mbele ya mtu. Lakini mashine inayokula kilima ndiyo inayokula kartye. Mwaka 2023 Amnesty International ilitoa ripoti juu ya familia zilizofukuzwa upande wa Kolwezi kwa ajili ya machimbo ya shaba na kobalti. Sheria ya madini, iliyorekebishwa 2018, inadai masomo ya mazingira na malipo kwa wanaohamishwa. Karatasi zinakuwapo, kwa Kifaransa, kurasa mamia. Mama mwenye shamba la mihogo atazisoma lini?

Kwa maoni yangu, masomo hayo yasomwe kwa Kiswahili, katika kartye, mbele ya watu, kabla tingatinga halijafika. Na sehemu ya kila kilima iachwe na udongo wake, kwa sababu ua hili limeuzoea udongo huo.

Siku kampani itakapowaita kwenye mkutano, muwaulize mawili: nani ameandikwa kwenye liste, na ni upande gani wa kilima hautaguswa?